Tuandike kuwa aliyeshika usukani ni mimi?

Shikamoo Mama,

Mimi ni mkulima. Naishi Arusha, shamba letu la ngano liko upande wa Hanang. Miaka mitatu iliyopita mimi, kaka yangu na rafiki yetu ambaye ni daktari wa mifugo tulichanga tukanunua Cessna 182 iliyotumika kwa dola 110,000. Nina leseni ya rubani binafsi na saa 240 angani. Ndege inalala Kisongo. Kwa gari, safari ya shambani inakula nusu siku. Kwa ndege haifiki hata saa moja.

Mwezi uliopita nilitua shambani na mpwa wangu, tumebeba pampu ya trekta. Kijana ana leseni ya biashara aliyoipata Afrika Kusini, ana saa 215. Nilipomaliza kutua nikasimamisha ndege, nikamwachia usukani airudishe taratibu hadi bandani. Mvua zilikuwa zimenyesha na majani yamekuwa marefu. Propela ikagonga kichuguu, injini ikazima papo hapo. Tulipotoka kuangalia, ncha zote mbili zilikuwa zimejikunja kama kijiko. Fundi wetu wa matrekta amezinyoosha, injini inawaka na inanguruma vizuri, na kaka anataka Jumamosi niirushe kuirudisha Kisongo.

Kampuni ya bima hatujaiambia. Mpwa hamo kwenye orodha ya marubani. Kaka anasema tuandike kuwa aliyeshika usukani ni mimi, yaishe. Mke wangu hataki kusikia habari hiyo, na tangu siku ile nyumbani hakuna amani.

Juu ya hayo bima yenyewe inaisha mwisho wa mwezi. Dalali ametuletea makadirio mapya, nafuu kuliko ya mwaka jana, ila thamani ya ndege imeshushwa hadi dola 70,000. Nimekuambatishia ya zamani na mapya. Mimi najua bima kubwa na bima ndogo za gari tu. Karatasi hizi ni nyingi na Kiingereza chake ni cha wanasheria. Halafu wapo marafiki wanaoniomba niwapeleke Serengeti, wao wachangie mafuta. Nishike lipi, niache lipi?

Baba Neema, Arusha

* * *

Marahaba, Baba Neema. Poleni sana, na tumshukuru Mungu kwamba mlishuka wote kwa miguu yenu.

Kabla ya bima, nakuomba kama mama: ndege hiyo isiruke Jumamosi. Wala Jumapili. Propela inapogonga kitu kigumu injini ikazima ghafla, kishindo hakiishii kwenye ncha zilizojikunja. Kinarudi nyuma kwenye krankshafti, ule mhimili wa injini unaozungusha propela, na gia zake, na humo kinaweza kuacha ufa mwembamba kama unywele. Injini yenye ufa huo inawaka vizuri tu, inanguruma kama uliyoisikia, halafu inakatika ukiwa juu ya Bonde la Ufa na huna pa kutua. Continental na Lycoming, watengenezaji wakubwa wa injini za ndege za aina yenu, wote wameandika kwamba propela ikigonga kitu, injini ifunguliwe na kukaguliwa ndani, hata kama haikuzima. Na zile ncha alizonyoosha fundi wa trekta, mwambie ahsante lakini zisitumike. Injini ikiwa kwenye mizunguko 2,400 kwa dakika, ncha ya propela hukimbia karibu mita 260 kila sekunde. Chuma kilichonyooshwa kwa nyundo hakipaswi kubebeshwa mzigo huo. Ndege ibaki bandani, ifunikwe turubai, na fundi mwenye leseni ya ndege aifuate hapo hapo.

Sasa tuje kwenye neno la kaka yako.

Nimesoma hati ya zamani, ile ambayo bado iko hai. Juu yake pameandikwa AVN 1C. Hiyo ni hati ya soko la bima la London, toleo la mwaka 1998. Imefika mpaka Hanang kwa sababu kampuni zetu hazibebi ndege peke yake; sehemu kubwa ya mzigo huenda kwenye bima mtawanyo, yaani kampuni zinazozikatia bima kampuni za bima, nje ya nchi, na wanaopokea mzigo ndio wanaopanga maneno. Katika yale ambayo bima hailipi, kuna kipengele kinachosema hailipi ikiwa ndege inaendeshwa na mtu ambaye si yule aliyetajwa kwenye jedwali, yaani ule ukurasa wa majina na viwango vyenu. Nadhani kaka yako alifika hapo akafunga karatasi. Lakini sentensi haikuishia hapo. Inaendelea kusema: isipokuwa ndege inaweza kuendeshwa ardhini na mtu yeyote anayeiweza kazi hiyo.

Isome tena ukiwa na mkeo. Wewe ndiye uliyerusha, wewe ndiye uliyetua. Hati yenyewe inaeleza kuruka ni nini: ni tangu ndege inapoanza kukimbia ili iruke mpaka inapomaliza mbio zake za kutua. Mbio zilikwisha, ukasimama, ndipo ukamwachia kijana. Alichofanya yeye ni kutambaa na ndege ardhini, na kijana mwenye leseni na saa 215 hashindwi kuthibitisha kwamba kazi hiyo anaiweza. Kampuni inaweza kuuliza maswali, na ni haki yake. Lakini ukweli mlio nao una mahali pa kusimama ndani ya mkataba wenu. Uongo wa kaka hauna.

Hati hiyo hiyo inasema wazi: mwenye bima akidai kwa udanganyifu huku anajua, mkataba mzima unabatilika na madai yote yanapotea. Mnaweza kupoteza fedha ambazo zingelipwa kwa kuogopa jambo ambalo halikuwa kosa. Na msidhani hawatajua. Mkadiriaji hasara huongea na kila mtu peke yake: wewe, mpwa, fundi, mlinzi wa banda, hadi watoto waliokuwa wakichunga karibu. Nilipokuwa bado dalali nilikaa meza moja na bwana mmoja aliyeapa kwamba yeye ndiye aliyekuwa rubani ndege yake ilipovunjika Mafia. Mkadiriaji akatoa nakala ya kitabu cha wageni cha ofisi moja Moshi, siku ile, saa ile, sahihi yake ipo. Yule bwana hakusema tena neno. Mpaka leo nakumbuka jinsi mkewe alivyokuwa akiutazama mkono wake. Tena fikirini kijana wenu anayetafuta maisha kwenye usukani: jina lake likiingia kwenye faili la udanganyifu, nani atamwajiri?

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye leo. Mpigie dalali, kisha andika barua fupi, au barua pepe, ili ushahidi uwepo. Hati inataka taarifa itolewe mara moja. Mwezi mzima ni kuchelewa, usikuzungushe. Eleza mlichelewa kwa nini, eleza nani aliruka na nani alitambaa nayo, na useme kwamba fundi wa trekta alizigusa ncha. Hilo la mwisho litauma kidogo, maana matengenezo hayatakiwi kuanza bila ridhaa ya kampuni ila yale ya usalama au ya kuzuia hasara isiongezeke. Bora waambiwe na wewe kuliko wakute alama za nyundo. Tuma picha: kichuguu, majani, njia ya magurudumu, propela. Tuma na kurasa za logibuku, daftari la safari za ndege, za siku ile. Hati inaruhusu pia gharama za dharura za kuiweka ndege salama, hadi asilimia 10 ya thamani iliyowekewa bima, basi tunza risiti ya turubai na posho ya mlinzi. Na wakikubali madai, usafiri wa mafundi na vifaa kuja Hanang unalipwa, ila kwa njia ya gharama ndogo kuliko zote.

Nikuandae kwa jambo moja ambalo watu huona kama wamedhulumiwa. Bima hainunui injini mpya kwa ajili ya injini iliyochoka. Kila kifaa chenye saa zake za ovahoo, yaani kufunguliwa na kutengenezwa upya, hukatwa kulingana na saa kilizokwisha kutumika. Tuseme injini yenu inatakiwa ovahoo kwenye saa 2,000, na imekwisha kwenda 1,500, na ovahoo yake ni dola 40,000. Umekwisha kula robo tatu, hivyo dola 30,000 ni zako. Juu yake unabeba kile kiasi cha kwanza kilichoandikwa kwenye jedwali, kwenu dola 2,500. Ukikaa ukilijua hilo mapema, mnaanza kuweka akiba ya ovahoo kila saa mnayoruka, nyote watatu, bila kungoja kichuguu.

Nimemaliza la zamani. Makadirio mapya yamenitia wasiwasi zaidi kuliko ajali yenyewe.

Mnajua kwa nini yamekuwa nafuu? Sehemu ni ile thamani, nitaifikia. Sehemu kubwa zaidi ni neno moja lililotolewa kimya kimya. Mwaka jana kwenye mstari wa matumizi paliandikwa “Private Pleasure and Business”. Safari hii pameandikwa “Private Pleasure” peke yake. Katika hati hiyo maneno haya si mapambo, yana maana iliyofungwa. La kwanza ni starehe ya mwenye ndege: kwenda Zanzibar na familia, kumwona bibi, kuzunguka angani jioni. Linasema wazi kwamba haliingizi kazi wala biashara ya namna yoyote. La pili linaongeza safari za shughuli zako mwenyewe, almradi hutozi mtu nauli. Sasa niambie, pampu ya trekta ni starehe? Daktari mwenzenu akienda kutibu ng'ombe wa wateja wake, hiyo ni matembezi? Ajali ile ile ya kichuguu ikitokea chini ya karatasi mpya, mnakataliwa asubuhi na mapema, na wanaokataa wana haki. Mwambieni dalali arudishe neno lililotolewa, bei ipande inavyopanda.

Hapo hapo ndipo penye jibu la marafiki wa Serengeti. Kubeba watu kwa malipo ni daraja la tatu, la biashara ya usafiri wa anga. Ukiacha bima, leseni yako ya rubani binafsi haikuruhusu kulipwa, na anayebeba abiria kwa fedha anatakiwa awe na vibali vya mwendeshaji wa ndege kutoka TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. “Kuchangia mafuta” ni neno tamu mpaka siku ya ajali. Siku hiyo mwanasheria wa familia ya marehemu ataliita nauli, na kampuni itamkubalia. Wapeleke bure ukipenda, kama wageni wako, na usizidishe idadi ya abiria iliyoandikwa kwenye jedwali, maana kuizidi nako kunaondoa kinga. Au waambie wakate tiketi ya ndege za kampuni zinazotoka hapo Kisongo kwenda Seronera. Rafiki wa kweli hatakununia kwa hilo.

Thamani ya ndege sasa. Kwenye gari umezoea kampuni ikitazama bei ya soko siku ya ajali. Kwenye ndege kwa kawaida mnakubaliana kiasi mwanzoni, na hicho ndicho kinacholipwa ndege ikipotea kabisa. (Hata ikiruka isionekane tena, hati yako inaihesabu imepotea baada ya siku 60 bila habari.) Ukishusha kutoka 110,000 hadi 70,000 unaokoa kidogo kwenye ada ya mwaka, lakini tazama linaloweza kutokea. Ndege inapata ajali ya matengenezo ya dola 60,000. Kwa thamani yake halisi ingetengenezwa ikarudi. Kwa 70,000, kampuni inaona heri iihesabu kuwa imekufa, iwakabidhi 70,000, ichukue mabaki ikayauze. Mtabaki na fedha isiyonunua ndege nyingine kama ile. Kuipandisha kupita kiasi nako si ujanja, mtaletewa ndege iliyofungwafungwa viraka badala ya fedha. Mwiteni fundi mwenye leseni na mtu anayeuza ndege, mwandike bei ambayo leo mngeipata mkiiuza, pamoja na redio na vyombo mlivyoongeza.

Upande wa madai ya watu wengine makadirio yanatoa dola 500,000 kwa tukio zima, na ndani yake kila abiria amewekewa dola 50,000. Kikomo cha ndani kama hicho watu hawakioni mpaka siku ya msiba. Kwa kulinganisha, sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 inaitaka ndege ya uzito wa kilo 1,000 hadi chini ya 2,700, na yenu iko humo, iwe na kinga ya SDR milioni 3 kwa watu na mali zilizo nje ya ndege, na isiyopungua SDR 100,000 kwa kila abiria katika safari zisizo za biashara. SDR ni kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa, moja inazidi dola moja. Sisemi mnunue kama Mjerumani. Nasema dola 50,000 kwa mke wa mtu mwenye watoto wanne ni ndogo mno, na kuipandisha mara nyingi hakuongezi ada kwa kiasi mnachokihofia. Ulizeni bei tatu tofauti.

Na siku ndege itakapomgonga ndama wa jirani badala ya kichuguu, nenda kampe pole. Beba sukari, kaa, ongea. Usiandike karatasi ya kukiri kosa kwa mwenyekiti wa kitongoji wala kuahidi kiasi. Hati inakukataza kukubali lawama bila ridhaa ya kampuni, na ahadi iliyotolewa kwa moyo mzuri inaweza kukulazimu kuilipa kwa mfuko wako.

Nimetafuta kwenye makadirio kinga ya vita na hila, sijaiona. Jina linatisha, lakini humo hamna mizinga tu. Kifungu kiitwacho AVN 48B kinaondoa pia ghasia, migomo na uharibifu wa makusudi. Kibarua uliyemwachisha kazi akija usiku akaichoma ndege, au ugomvi wa mipaka na wafugaji ukaifikia bandani, bima ya kawaida inakaa pembeni. Kwa shamba kama lenu ningeinunua, nawe unajua majirani zako kuliko mimi.

Kuhusu mpwa, aingizwe kwenye jedwali kwa jina lake. Kampuni itataka kwanza leseni yake ya Afrika Kusini itambuliwe na TCAA, maana ndege yenu ina namba za 5H, yaani za usajili wa Tanzania, kisha pengine saa kadhaa na mwalimu kwenye 182 hiyo hiyo. Asirushe hata mzunguko mmoja kabla jina halijaingia. Ule msamaha wa ardhini unaishia ardhini. Na majina yenu wenye ndege yawemo yote matatu. Kwenye makadirio nimeona lako tu.

Kumbuka pia kwamba bima ya ndege haimlindi rubani mwenyewe kama abiria, wala mfanyakazi wa shamba anayesafiri kikazi. Wafanyakazi wawe wameandikishwa WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Wewe nunua bima ya ajali binafsi, na kama una bima ya maisha, waarifu kwa maandishi kwamba unarusha ndege, kwa sababu nyingi huwa zimeitoa hatari hiyo.

Ukitaka kupunguza ada kwa njia halali, iko. Kipindi cha masika ndege ikikaa chini mwezi mzima au zaidi mfululizo, omba kipengele cha kurudishiwa sehemu ya ada kwa muda ambao hairuki. Na uwanja wa shambani ufyekwe na mtu autembee kwa miguu kabla hujaja, kila mara, aandike daftarini tarehe na alichokiona. Kwenye mwinuko wenu na jua la mchana, piga hesabu ya urefu unaohitajika kutoka kwenye kitabu cha ndege na uihifadhi karatasi yake, kwa sababu kutua au kuruka mahali pasipokidhi maelekezo ya mtengenezaji nako kumo kwenye yasiyolipwa.

Mpe mkeo salamu zangu. Mwambie nimesimama upande wake. Jedwali jipya likitoka, nitumie kabla hujalipa, tulipitie mstari kwa mstari.